Feza ya chuma ya babu: kuipimisha ama kuiacha?

Mama mmoja mwenyeji wa Rubaya, anayekaa sasa pembeni ya Goma na watoto wake, alitufikia na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na feza saba za chuma. Zilikuwa za baba mkwe wake, aliyewahi kufanya kazi kwa Symétain huko Maniema, kabla makampuni ya migodi hayajaunganishwa kuwa SOMINKI mwaka 1976. Mzee alirudi Masisi na mgongo mbovu na kopo hilo.

Mama hakuja kuuza. Alikuja na swali. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwambia kwamba ile kubwa kupita zote, yenye kichwa cha Leopold II na mwaka 1887, inaweza kufika dola 3.000 ikipimwa na kupewa cheti Ulaya. Kwanza atoe dola 100 za kuituma. Kijana wake, mchimbaji, anataka ziuzwe zote leo, apate kuingia na wenzake katika shimo moja. Mama hana dola 100. Angeweza kuzikopa.

«Munitafutie ukweli,» alisema. «Hii kupima njo nini?»

Msomaji wetu wa Rubaya ama wa Bisie hahitaji maelezo marefu, kwa sababu maisha yake yote yanategemea teneur. Mfuko wa coltan hauna bei mpaka mtu aseme kuna tantale kiasi gani ndani, na yule anayesema ndiye anayeshika bei. Kwa sarafu za zamani ni karibu vilevile. Ziko kampuni ambazo kazi yao si kununua wala kuuza, ni kutazama tu: kwanza kama sarafu ni ya kweli, halafu imechakaa kiasi gani. Zinaipa alama kutoka 1 mpaka 70, zinaifungia ndani ya kasha la plastiki lenye namba yake, zinairudisha kwa mwenyewe. Hesabu hiyo ya 70 ilitungwa na Mmarekani, William Sheldon, mwaka 1949. Kampuni mbili zinazojulikana zaidi ni za Marekani: PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987. PCGS ina ofisi Paris pia. Kuanzia alama 60 kwenda juu, maana yake sarafu haijatembea mikononi mwa watu.

Huku kwetu hakuna ofisi ya namna hiyo. CEEC inapima madini, haipimi feza za babu. Akija mtu akikuambia eti anaweza kukupa alama hapahapa sokoni, mwache aende zake.

Basi tulimwaga kopo juu ya meza. Tatu zilikuwa nyepesi, za aluminium, zenye mti wa mchikichi, za miaka ya 1950 mwishoni. Moja ilikuwa na pembe sita na picha ya tembo: ni franka 2 za mwaka 1943, zilizotengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji wakati ule ilikuwa chini ya Wajerumani. Mbili zilikuwa franka 50 za mwaka 1944, nazo zina tembo, lakini hizi si shaba. Nusu yake ni fedha, ile ambayo kwa Kifaransa tunaita argent. Ya saba ndiyo ile kubwa.

Kwa zile za aluminium na ile ya pembe sita hatukupoteza muda. Zilitengenezwa kwa wingi, zimetumika sokoni mpaka zikalainika, na kuzipimisha kunadai makumi ya dola kwa kila moja, bila kuhesabu safari. Cheti kingekuwa na bei kupita kitu chenyewe. Ni sawa na kukodisha gari mpaka Goma juu ya kilo moja ya mchanga. Hivyo hivyo na makuta ya Mobutu, ambayo nyumba nyingi za Walikale bado zinayo kwenye masanduku. (Neno lenyewe limeishi kuliko sarafu: zaire imekufa, likuta limekufa, na bado tunaulizana «makuta iko?»)

Ile kubwa ilitushika zaidi. Franka 5 za État Indépendant du Congo zilitoka kati ya 1887 na 1896, na ni fedha ya 900 kwa 1.000. Ikiwa ya kweli na haijachakaa, hiyo ndiyo sarafu ambayo kuipimisha kuna maana. Watu wa mbali wanaitafuta, waigizaji nao wanaijua, kwa hiyo mnunuzi wa Bruxelles ama wa New York hatalipa bei kubwa bila mtu wa katikati kusema ni ya kweli.

Lakini kabla ya Paris kuna mizani. Ya kweli ina gramu 25 na upana wa milimita 37. Sarafu iliyotumika inapoteza kidogo, haipotezi robo. Tulikwenda kwa jirani anayenunua dhahabu ya Walikale, mwenye mizani ndogo inayohesabu mpaka sehemu ya gramu. Aliiweka. Ikasoma 19 na kitu. Akaipima tena, kama anayetaka kumsaidia mama. Ikawa ileile. Ndipo kijana mwenyewe akatoa mfukoni sumaku yake, ile wachimbaji wanatumia kuondoa chuma ndani ya mchanga mweusi. Sarafu ikaruka na kushikamana nayo: paa!

Fedha haishikwi na sumaku. Mama aliinama akaicheka kidogo, halafu akanyamaza. Hatujui kama yule mnunuzi alitambua kuwa ni ya bandia. Tunachojua ni kwamba jibu lilipatikana kwa dakika tano, na vitu viwili vilivyo katika kila kambi ya wachimbaji, bila mtu kuomba dola 100.

Zikabaki franka 50, zile mbili. Kwenye vitabu uzito wake ni gramu 17,5. Zote mbili zilikaribia hapo, na sumaku haikuzigusa. Za kweli. Moja ilikuwa nyeusi-nyeusi, imefifia. Ya pili ilikuwa inang'aa kama sahani ya arusi.

«Hii niliosha miye,» kijana akasema, na furaha. «Na majivu na ndimu. Nilijua ikingara itauzika muzuri.»

Tulimwelewa kabisa. Katika kazi yake maji ndiyo yanayoleta bei. Coltan isiyooshwa ni udongo, kassiterite isiyooshwa ni udongo. Unachuja, unasugua, unaondoa takataka, teneur inapanda. Kwa sarafu mambo yamepinduka. Weusi ule ni ngozi yake, imeota kwa miaka zaidi ya 80, na anayepima anautaka ubaki. Majivu yanaacha mikwaruzo midogo ambayo jicho letu halioni lakini lupa inaiona mara moja. Sarafu iliyosuguliwa haipewi alama ya kawaida; kampuni itaandika kwamba ni ya kweli, ila imesafishwa, na bei inaanguka. Kazi hiyo hairudishwi nyuma. Kijana aliuliza mara mbili kama hakuna dawa ya kurudisha weusi. Dawa zipo, na wapimaji wanazitambua pia.

Kwa hiyo ile inayong'aa hakuna haja ya kuituma popote. Ina karibu gramu tisa za fedha ndani yake, na mtu anayependa picha ya tembo atatoa zaidi kidogo ya bei ya fedha hiyo. Iuzwe jinsi ilivyo, ama ibaki ukumbusho.

Ile nyeusi ndiyo iliyotugawa, hata sisi wenyewe ndani ya redaksio. Kwa lupa, kichwa cha tembo kimelainika kidogo tu. Mmoja wetu alisema ipelekwe. Wengine tulipiga hesabu: gharama ya kupima, gharama ya kutuma na bima ya njiani, halafu bei ya sarafu hiyo ikiwa imechakaa kidogo, ambayo nayo ni ya makumi ya dola, si maelfu. Ingekuwa haijaguswa kabisa, faida ingekuwepo. Kwa kulainika kule, alama itashuka chini ya 60, na mama anaweza kujikuta ametoa pesa nyingi kuliko alizopata, akibaki na plastiki nzuri.

Na njia yenyewe? Ndege za kawaida hazijatua Goma tangu mwisho wa Januari 2025, na benki zilifunga wakati huohuo. Kitu kidogo hivyo kinapita mikono mingi kabla ya kufika Paris, na kila mkono unaweza kukibadilisha na kingine kinachofanana. Ukimpa mtu sarafu yako bila picha za pande zote mbili, bila uzito ulioandikwa na bila sahihi yake, umempa zawadi. Wachimbaji wanajua habari ya sampuli iliyokwenda laboratwari ikarudi si ileile.

Tulimpa mama ushauri wa bei rahisi: apige picha za wazi mchana, sarafu ikiwa kando ya rula, bila kuigusa usoni, kuishika kwa ukingo tu. Picha hizo azitume kwa shemeji yake aliye Ubelgiji, aende nazo kwa wauzaji wa sarafu wawili ama watatu na kuuliza bei bila kuahidi kitu. Jibu la picha si alama, lakini halilipwi. Kama watatu wote watasema inastahili kupimwa, basi siku ndugu wa nyumba atakaposafiri, ataibeba mwenyewe.

Kijana hakupenda. «Shimo halitaningojea,» alisema. Na ni kweli, halimngojei. Wenzake walishaanza kukusanya za mbao na za mafuta ya pampu. Walibishana kwa sauti ya chini, kwa Kihunde, nasi tukatoka nje tuwaache.

Tuliporudi, ile inayong'aa ilikuwa mkononi mwa kijana. Mama alikuwa ameikunjia ile nyeusi ndani ya karatasi kavu, peke yake, akairudisha koponi. Ya Leopold alimpa mtoto mdogo, aliyekuwa anaizungusha juu ya meza kuona itasimama kwa muda gani.