Bei ya Nyumba Iliyotajwa na Simu: Ni Ushahidi wa Kiasi Gani?



Ndugu wawili wa baba mmoja walifika katika dawati letu la mahusiano ya polisi na jamii, hapa Busia upande wa Uganda, wakiwa hawasemezani. Mkubwa alikuwa ameuza nyumba waliyoachiwa na marehemu baba yao kwa shilingi milioni 95, na fedha zikagawanywa mbele ya ukoo. Wiki mbili baadaye mdogo, ambaye hufanya kazi Kampala, aliingiza maelezo ya nyumba hiyo katika programu ya kukadiria bei, akaletewa milioni 160. "Afande," aliniambia huku akininyoshea simu, "kaka amekula milioni 65, na ushahidi ni huu." Alitaka kaka yake awekwe ndani siku ile ile.

Hatukumweka mtu ndani. Hata hivyo, shauri lile lilinionyesha kwamba wengi wetu huisoma namba ya simu kama tusomavyo mizani ya dukani, ilhali hatujui imepatikanaje.

Programu ya namna hiyo haijaiona nyumba yako. Hukusanya bei za nyumba nyingine, huzilinganisha kwa mtaa, ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba na umri wa jengo, kisha hukisia nyumba yenye sifa kama zako ingeuzwa kwa kiasi gani. Ubora wa jibu hutegemea mambo mawili: wingi wa mauzo ya kweli yaliyoandikwa, na kufanana kwa nyumba za mahali hapo. Paa linalovuja, ufa wa ukutani na jirani mwenye kesi havionekani.

Tuitazame Marekani, ambako kazi hii imefanywa kwa muda mrefu. Kampuni ya Zillow ilianza kutoa makadirio yake mwaka 2006, na katika majimbo mengi ya nchi hiyo bei halisi ya mauzo huwekwa katika kumbukumbu za umma. Kwa takwimu zake yenyewe, kosa la kati ni karibu asilimia 2 kwa nyumba zilizokwisha kutangazwa sokoni, na karibu asilimia 7 kwa zisizotangazwa. Msomaji makini atauliza kwa nini tofauti hiyo. Jibu ni kwamba nyumba ikitangazwa, mashine huiona bei anayoitaka muuzaji na kuisogelea. Na "kosa la kati" maana yake ni kwamba nusu ya nyumba zote zina kosa kubwa zaidi ya hapo. Mwaka 2016 aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, Spencer Rascoff, aliuza nyumba yake ya Seattle kwa dola milioni 1.05, huku makadirio ya kampuni yake mwenyewe yakisoma takriban milioni 1.75. Baadaye kampuni iliingia katika kununua nyumba yenyewe ikisaidiwa na hesabu zake. Novemba 2021 ilitangaza kuiacha biashara hiyo, baada ya kupunguza thamani ya nyumba ilizozinunua kwa zaidi ya dola milioni 300 katika robo moja ya mwaka. Takriban robo ya wafanyakazi wake walipoteza kazi.

Ikiwa mambo ni hayo palipo na kumbukumbu tele, huku kwetu je? Tovuti nyingi hazina bei za mauzo. Zina bei za matangazo, yaani zile ambazo dalali anatamani. Upande wa pili, wapo wanaoandika katika mkataba bei ya chini ili wapunguze ushuru wa stempu (nalo ni kosa, nisisahau kulisema). Bei ya kweli imekaa katikati, nayo mara nyingi haikuandikwa popote.

Kisha upo mpaka wenyewe. Kivuko cha Katuna kati ya Uganda na Rwanda kilifungwa Februari 2019, kikafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika muda huo biashara ya mji ule ilidorora, na hesabu iliyojengwa juu ya matangazo ya Kampala isingejua lolote. Vilevile mashine haiulizi mnunuzi ni raia wa wapi. Kwa sheria ya Uganda asiye raia hapati umiliki wa kudumu wala wa mailo, bali hukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Kenya nayo ina ukomo huo huo kwa wageni. Kwa hiyo jirani yetu wa ng'ambo akilipa bei kamili ya hati ya kudumu, amelipia kitu ambacho sheria haimpi. Kule Mutukula na kwingineko Buganda kuna jambo jingine: shamba lenye hati safi linaweza kuwa na wenye vibanja wanaolindwa na sheria. Simu haiwahesabu, lakini ukifika utawakuta wanapalilia.

Matapeli wameielewa imani yetu hii. Hukuonyesha makadirio ya milioni 120, kisha wakakuuzia kwa 70 "kwa sababu mwenye nyumba ana mgonjwa". Hapo unafuu umejengwa juu ya namba ambayo haikuwa bei ya mtu yeyote. Kabla ya kutoa hata arubuni, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, tembea mipaka pamoja na majirani na mwenyekiti wa LC1, tena mchana, na umsikie mwenzi wa muuzaji kwa masikio yako, kwani ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa yake. Penye fedha nyingi au ugomvi, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Ada yake huuma, nami nimewahi kuinung'unikia, lakini yeye huingia hadi chooni na kutia sahihi jina lake.

Ndivyo walivyofanya wale ndugu, kwa kuchanga nusu kwa nusu. Mthamini alikuta kwamba ardhi ni ya kimila na haina hati, na kwamba vyumba viwili vya mbele vimesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Programu ilikuwa imehesabu vyumba vyote na kuichukulia ardhi kuwa yenye hati. Thamani aliyoiandika ilikuwa milioni 98. Mdogo aliisoma taarifa mara mbili, akauliza kama milioni 3 zilizobaki zinaweza kufunguliwa kesi. Nilimwambia ampelekee kaka yake nakala, naye akaipeleka jioni ile.