Mama Anaumwa Saratani. Na Mimi Je?

Siku moja, baada ya kipindi cha afya na wanafunzi pale Bigwa, binti mmoja alibaki nyuma akijifanya anafuta ubao. Wenzake walipotoka akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hivi nikimwosha mama, na mimi nitaipata?" Mama yake alikuwa na saratani. Nyumbani hakuna aliyemweleza kitu. Alisikia tu watu wazima wakinong'ona jikoni. Basi akaamua kujilinda mwenyewe. Kikombe chake alikificha uvunguni mwa kitanda ili mama asikitumie.

Nikamjibu hapana, saratani haiambukizwi kwa kumwosha mgonjwa wala kwa kunywea kikombe kimoja. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema: "Sasa nitamwambiaje mama kuhusu kile kikombe? Alishaniona."

Ndugu msomaji, swali la kwanza mwelimishaji wa afya analimudu. La pili ni gumu. Anayeweza kulijibu vizuri zaidi ni mtoto mwenzake ambaye naye aliwahi kuficha kikombe. Ndiyo maana leo tunazungumzia kambi za watoto ambao wazazi wao wanaumwa saratani.

Mtoto asipoambiwa, hujijazia mwenyewe

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu wazima wengi huona mtoto hana mzigo, eti bado mdogo, haelewi. Kumbe anaona kila kitu. Anaona mama amekonda. Anaona nywele zimenyonyoka. Anaona mama anapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na harudi kwa wiki kadhaa. Hajui kwamba tiba ya mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, na mgonjwa wa Morogoro hawezi kwenda na kurudi kila siku. Yeye anajua tu kwamba mama ameondoka. Basi anatunga majibu yake. Hebu tuyaangalie.

"Ni kosa langu, nilimuudhi mama." Si kweli. Hasira, ukaidi au kufeli mtihani havileti saratani. Watoto wadogo hasa huamini hivyo, na hawasemi.

"Amerogwa." Saratani ni chembechembe za mwili zinazoanza kuongezeka ovyo bila mpangilio. Ni ugonjwa, na unatibiwa hospitali. Ukigunduliwa mapema nafasi ya kupona huwa kubwa zaidi.

"Inaambukiza." Saratani yenyewe haihami kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anayemhudumia. Ni kweli kwamba kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, ndiyo maana Tanzania ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 dozi ni moja tu, kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Lakini kumkumbatia mama, kumwosha na kula naye sahani moja hakuna ubaya wowote.

"Mionzi imebaki mwilini mwake." Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine ya mionzi ya nje haondoki na mionzi. Akirudi nyumbani, kaa naye.

Kwa vijana wakubwa kuna tatizo jingine: kazi. Binti wa kwanza ndiye anayechota maji, anayepika, anayelea wadogo. Masomo yanashuka. Akicheka na marafiki anajisikia vibaya, kana kwamba amemsaliti mama.

Kambi hizo zikoje?

Mwaka 2000 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha kambi inayoitwa Kesem. Ni ya watoto wa miaka 6 hadi 18 ambao mzazi wao anaumwa saratani, amepona, au amefariki. Hufanyika kwa wiki moja wakati wa likizo ya kiangazi, na familia haitoi hata senti. Walezi ni wanafunzi wa vyuo wanaojitolea. Leo vyuo vingi nchini humo vina kambi yake.

Wanafanya nini? Usidhani wanakaa wanalia. Wanacheza mpira, wanaimba, wanachora, wanapakana rangi. Kila mmoja, mtoto na mlezi, anajichagulia jina la utani la kambini, kwa hiyo kwa wiki nzima hakuna anayeitwa "yule ambaye mama yake mgonjwa." Siku moja tu wanakaa pamoja, na anayetaka anaeleza kwa nini yuko pale. Asiyetaka ananyamaza, hakuna wa kumlazimisha. Hapo ndipo mtoto anapogundua kuwa hayuko peke yake.

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, mradi wa Humuliza ulianza miaka ya 1990 kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi kutokana na UKIMWI. Watoto wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa wanakutana, wanatembeleana na kusaidiana. Ugonjwa ni tofauti, lakini dawa ya upweke ni ileile: wenzako.

Je, Bigwa tunaweza?

Tunaweza, tukianza kidogo. Wenzetu huita kambi ya kiangazi. Sisi tuiite kambi ya likizo. Mwezi Juni shule zimefungwa, masika imekwisha, na hewa ya Uluguru ni ya baridi nzuri. Siku tatu zinatosha, asubuhi hadi jioni, kila mtoto akalale kwao.

1. Anzeni na familia. Huku Uluguruni ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo msimsahau mjomba na bibi. Wakikubali wao, mtoto atakuja.

2. Toeni taarifa serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii. Mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja peke yao. Wawe wawili daima.

3. Mwalikeni muuguzi kwa saa moja. Watoto waandike maswali kwenye karatasi bila majina, yeye ayajibu kwa ukweli.

4. Muda mwingi uwe wa michezo: rede, mdako, bao, ngoma. Chakula ni ugali na maharage vya kuchangishana.

5. Yanayosemwa kambini yabaki kambini. Picha zisipigwe.

Tusidanganyane: kambi haimponyi mama. Wengine watarudi nyumbani na mgonjwa atazidiwa. Lakini mtoto atakuwa na rafiki wa kumwendea siku hiyo, na hilo si dogo.

Na kama kambi haipo?

Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini: mjomba, shangazi, mwalimu wa malezi. Mwulize moja kwa moja: "Mama anaumwa nini? Matibabu yanaendaje?" Una haki ya kujua. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Na wewe binti wa kikombe, kama unasoma hapa: kitoe uvunguni. Kioshe, mtilie mama chai, mkae mnywe wote. Pengine hutahitaji kusema lolote.