Saa ya Nixie: Venye 12V ya Rauta Inageuka 170V, na Kenye Inaweza Kukufanya Ukizubaa

Jumapili moja nilipata dogo wa ploti yetu hapa Shabab amepiga magoti kando ya soketi. Mkono mmoja ako na tyubu ya glasi, ule mwingine ako na waya mbili amezichuna na meno. Nikamuuliza kwani anataka kuenda mbinguni mapema. Akanijibu bila wasiwasi: "Bro, hii kitu inataka volti 170. Soketi iko na 240. Si inatosha na chenji inabaki?"

Hiyo hesabu inaingia akilini kabisa, na hapo ndo noma iko. Juu siku hizi hizi saa za nixie ziko kila mahali kwa video, na msee akiona zile nambari za rangi ya machungwa ziking'aa gizani, lazima adai moja ya kuweka kwa keja. Wacha basi niwaeleze venye nilimweleza dogo, baada ya kumnyang'anya zile waya.

Kwanza, tyubu yenyewe. Nixie si balbu na si LED. Ilitoka Marekani mwaka wa 1955, kampuni ya Burroughs ndo iliileta sokoni. Ndani ya glasi kuna nambari kumi za waya mwembamba, sifuri hadi tisa, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Mbele yazo kuna wavu. Hewa imetolewa, ikawekwa gesi ya neoni kidogo. Ukituma stima kati ya wavu na nambari moja, gesi inayozunguka hiyo nambari ndo inawaka, nambari yenyewe haiwaki. Ndo maana inakaa ni kama moto umeivaa. Wasovieti waliendelea kuzitengeneza miaka mingi hata baada ya wengine kuhamia LED, na nyingi zenye watu wananunua leo, kama IN-12 na IN-14, ni zile za stoo zao za zamani. Steve Wozniak, yule mwenye walianzisha Apple na Steve Jobs, huvaa saa ya mkono ya nixie. Kwa hivyo hauko pekee yako kwa hii ugonjwa.

Sasa gesi ina kiburi. Chini ya kiwango fulani haipitishi stima hata kidogo, ni kama hakuna kitu. IN-14 unaifikisha volti kama 170 ndo inashika. Ikishashika, inashuka hadi kama 140 na inaendelea kuwaka hapo, ikikula mkondo mdogo sana, kama miliampea 2.5. Kumbuka hizo nambari mbili, tutazirudia.

Mbona basi si soketi? Sababu ya kwanza ni hesabu: hiyo 240 ni wastani tu. Stima ya soketi hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kileleni inafika karibu volti 340. Ukiipitisha kwa daiodi na kapasita, hiyo 340 ndo utapata. Sababu ya pili ndo huua watu: soketi haijatenganishwa na ardhi. Ukiunga saa yako moja kwa moja, kila skrubu, kila waya, hata ile batani ya kuweka saa, inaweza kuwa laivu. Na wewe umesimama kwa simiti bila viatu. Ukigusa kitu kimoja tu, umekuwa sehemu ya waya.

Ndo maana wasee wenye akili huanza na kitu kidogo: adapta ya rauta, volti 12. Adapta ya ukweli iko na transfoma ndani inayotenganisha upande wako na upande wa ukuta. Ile feki ya kuokota njiani, nyepesi kama biskuti, usiiamini na hii kazi. Toa pesa kidogo upate ya maana.

Swali linabaki: 12 inakuwaje 170? Umewahi panda mathree ya Njoro, iko mbio, halafu dere anakanyaga breki ghafla juu ya ng'ombe? Gari imesimama lakini nyinyi wote mnarushwa mbele, na ule wa kiti cha nyuma anaishia kwa mapaja ya kondakta. Koili ya waya iko hivyo. Mkondo ukishaanza kupita ndani yake, haupendi kusimamishwa. Ukiukata ghafla, koili inasukuma volti juu hadi ipate mahali pa kutokea.

Sakiti nzima ni hiyo ujanja, ikirudiwa mara elfu makumi kwa sekunde. Kuna koili, kuna swichi ya elektroniki inaitwa mosfeti, kuna daiodi na kapasita. Mosfeti ikifunga njia, mkondo unajaa kwa koili. Ikikata, koili inakasirika, inarusha kile ilikuwa nayo kupitia daiodi hadi kwa kapasita. Daiodi inazuia isirudi nyuma. Kapasita ni kama tanki ya maji juu ya ploti: inajazwa kidogo kidogo, na tyubu zinateka kutoka hapo. Kichwa cha kuendesha hii yote ni chipu ndogo, na ya wanaoanza ni MC34063, ni ya kitambo na haina maringo.

Fanya hesabu kabla ya kununua chochote. Tyubu sita, kila moja miliampea 2.5, hiyo ni miliampea 15. Mara volti 170, unapata kama wati 2.6. Ukihesabu kile kinapotea kama joto, sema unahitaji wati 3 na kitu kuingia. Kwa volti 12, hiyo ni chini ya theluthi moja ya ampea. Adapta ya ampea moja inabeba bila kutoa jasho. Lakini angalia hapa, wengi huchomekea hapa: hiyo ni wastani. Ndani ya koili mkondo unapanda hadi ampea 1.3 hivi kisha unashuka, kila mzunguko. Kwa hivyo koili ya 100 mikrohenri iwe ya kubeba ampea 2. Zile ndogo zinafanana na rezista zitashiba mapema, zipate moto, na volti zako zikwame kwa 90 ukishangaa ni nani amekuroga.

Mimi mtego ulionishika ulikuwa mwingine. Nilienda duka moja ya spea hapa tao, nikaitisha mosfeti, nikapewa IRFZ44 na maneno matamu: hii ni ya nguvu, inabeba ampea 49. Ni ukweli, inabeba. Lakini mwisho wake ni volti 55! Nilikuwa naiambia izuie 170. Haikudumu. Unataka kitu kama IRF740, yenye ampea chache lakini inavumilia volti 400. Daiodi pia. Kila duka iko na 1N4007, bei ya peremende, na kwa karatasi inavumilia volti 1000, kwa hivyo unaona umemaliza. Shida yake ni uvivu. Iliundwa kwa stima ya mara 50 kwa sekunde, na hapa inafungua na kufunga mara 40,000. Inachelewa kufunga, stima inarudi nyuma, inachemka. Itisha UF4007, ile ya haraka. Sura ni ile ile, kwa hivyo soma maandishi kabla ya kulipa. Na kapasita iwe ya volti 250 kwenda juu, mikrofaradi 4.7 inatosha kabisa.

Chipu inajuaje imefika 170? Inaonjeshwa. Unaweka rezista mbili zinazogawa ile volti kubwa hadi ibaki 1.25, juu hiyo ndo chipu inajua. Kilo-ohm 634 juu na 4.7 chini inakupa 170 safi. Hiyo njia ya kuonja ikikatika hata mara moja, chipu inadhani bado ni sifuri, inaendelea kusukuma hadi kitu kipasuke. Lehemu hapo vizuri. Na usijaribu hii kitu kwa bredibodi, zile tundu na waya ndefu zitakuletea kelele na joto tu.

Halafu kila tyubu ipewe rezista yake. Neoni ikishashika inakuwa mlafi, inavuta mkondo zaidi na zaidi hadi ijiue. Chukua 170, toa 140, inabaki 30. Gawa kwa miliampea 2.5, unapata kilo-ohm 12. Ndo hiyo. Tyubu moja inaweza kukuacha ukikula sukuma wiki mbili mfululizo, usiiue kwa kuokoa rezista.

Tuje kwa kile kitu kilinifanya niandike hii. Siku saa yangu iliwaka mara ya kwanza nilikuwa nimechoka, usiku umeenda. Nikaona nambari moja imelala upande. Nikachomoa adapta, nikashika ubao na mikono yote miwili kuinyoosha. Manze. Nilipigwa kutoka kiganja hadi begani, ubao ukaruka hadi kwa ndoo ya nguo. Nilikuwa nimechomoa! Lakini maji yakikatwa kwa mtaa, tanki ya ploti si bado iko nayo? Tyubu zikishazima pale chini, hakuna mtu wa kuteka tena, na kapasita inabaki na zaidi ya volti mia moja ikikungoja. Ni ile tu ya raketi ya mbu, umeizima, halafu unagusa wavu ukijiona mjanja.

Bahati yangu, 4.7 mikrofaradi ikiwa na volti 170 inabeba chini ya juli 0.07. Inauma, unatukana, unaishi. Weka ya 100 mikrofaradi kwa volti 300, kama zile za flashi za kamera, na ni zaidi ya juli 4. Hapo ni hadithi tofauti. Ndo maana usiwahi weka kapasita kubwa "ndo iwe stedi."

Watu huniuliza, sasa ule ua wa umeme wa Lake Nakuru National Park, wenye unazungusha vifaru, si ni maelfu ya volti? Ni kweli, na mashine nyingi za ua huanza na betri ya volti 12 kama sisi. Lakini zinatuma pigo fupi sana, chini ya sehemu ya mia moja ya sekunde, kisha zinapumzika kama sekunde nzima. Kanuni za kimataifa zinabana kila pigo lisizidi juli 5. Hayo mapumziko ndo yanakupa nafasi ya kuruka nyuma. Saa yako haipumziki. Inatoa 170 bila kukoma, na miliampea 15 zikipita kifuani kutoka mkono hadi mkono si za kuchezewa.

Dawa yake ni shilingi chache. Lehemu rezista ya kilo-ohm 470 kutoka mguu mmoja wa kapasita hadi mwingine, ikae hapo milele. Inakunywa stima kidogo tu, na ukichomoa inamaliza tanki ndani ya sekunde kumi hivi. Mimi huweka mbili za 220 zikifuatana, juu rezista ndogo hazipendi volti nyingi. Bado pima na multimita kabla ya kugusa, na ukilazimika kugusa kitu kikiwa na stima, mkono mmoja uweke mfukoni. Si mchezo, mafundi wa kitambo walifanya hivyo wakazeeka.

Dogo alimaliza yake wiki tatu baadaye, ndani ya boksi ya plastiki yenye skrubu. Nambari zisipowaka mda mrefu huchafuka, kwa hivyo aliiandikia programu, usiku wa manane zote zikimbie sifuri hadi tisa kwa dakika kadhaa. Hakumwambia mtu. Shosh yake aliamka kunywa maji, akaona nambari za moto zikipiga mbio kwa giza, na kulingana na majirani alianza maombi hapo hapo. Kesho yake wakaongea, na sasa dogo ameibadilisha isome saa za Kiswahili. Saa moja asubuhi inaandika 1, na shosh ndo huipangusa vumbi.