Alfajiri mteremko mpole, saa tano mkali

Ukiwatazama mahamali wa mikokoteni kivukoni Likoni, utaona hakuna anayepanga kila hatua upya. Hamali huinamisha kifua, hukaza mipini, hupanda. Safari ya pili ni vilevile, na ya tatu pia.

Huo si uvivu wa akili, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, Rosenbaum na Jorgensen, walichapisha jaribio lao. Watu walipewa kijiti wakakigusisha kwenye rafu zilizopangwa toka chini hadi juu. Kuna kimo ambapo mtu hubadilisha namna ya kushika, kiganja kiangalie juu au chini. Lakini kimo hicho kilitegemea ameanzia wapi. Aliyeanza juu aling'ang'ania mshiko wake wa mwanzo hata aliposhuka, na aliyeanza chini naye hivyohivyo.

Sababu ni kwamba kupanga mwendo mpya ni kazi. Ni rahisi kuuchukua ule uliotumika punde na kuurekebisha kidogo. Hata anayekuna nazi juu ya mbuzi hafikirii kila mkuno. Mkono huenda wenyewe, akaulegeza tu anapokaribia kifuu.

Faida yake kubwa, lakini ina hatari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6. Mteremko uliokuwa mpole alfajiri huwa mkali kufikia saa nne, saa tano asubuhi. Macho yanauona, lakini mwili unaleta nguvu na mkao wa alfajiri. Mkokoteni ukirudi nyuma, nyuma kuna watu.

Basi ndugu zangu, kabla ya kupanda, simama kidogo. Tazama maji yako wapi, kaza mshiko upya, na mzigo ukiwa mzito ita mwenzio asukume. Nanyi mnaolipa kwa safari, msimharakishe hamali siku za bamvua. Mpunguzieni mzigo au muongezeeni msaidizi. Mwili ni amana, na mgongo ukishavunjika hakuna ujira utakaoununua.