Safari ya Dubai na Mtoto Mwenye Kifafa

Kila zikaribiapo likizo za Agosti, jamaa zetu walioko Dubai huanza kupiga simu: njooni, watoto wakaone bustani za michezo. Safari hii mwaliko ulikuja na nyongeza iliyosemwa kwa sauti ya chini: yule mwenye kifafa mwacheni kwa bibi yake, asije akapatwa ugenini. Nia ilikuwa njema. Lakini mtoto wa miaka tisa anajua vyema kwa nini wenzake wanafungiwa mabegi na yeye hafungiwi. Tukaamua kwenda naye, na haya tunawaandikia wazazi wenzetu wanaokabiliwa na uamuzi kama huo.

Kazi kubwa ilikuwa hapa hapa Mombasa, nayo ilihusu dawa. Binti yetu hutumia fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo wagonjwa wengi wa kwetu huijua, na kwa dharura tunaweka diazepamu. Zote mbili ni dawa zinazodhibitiwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Azibebaye hutakiwa kuomba kibali cha mamlaka husika ya huko kabla ya kuondoka, na maombi hufanywa kwa mtandao. Tulitayarisha cheti cha dawa na barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye jina la mtoto kama lilivyo katika pasipoti, jina la maradhi, jina la asili la dawa wala si la kibiashara pekee, na kipimo cha kila siku. Anzeni mapema, hata kabla ya kulipia tiketi.

Wako waliotushauri tuiache dawa nyumbani kwa siku hizo kumi, tuepukane na maswali ya uwanja wa ndege. Ushauri huo una hatari kuliko pembea yoyote ya Dubai. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa nayo huweza kuingia katika degedege lisilokoma, na degedege la namna hiyo huua. Kubadilisha dawa nako ni kazi ya daktari, ifanywe polepole, si wiki ya safari.

Dawa husafiri katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na akiba ya siku kadhaa. Saa za Dubai zimetangulia zetu kwa saa moja tu, hivyo ratiba ya vidonge haikuvurugika. Usingizi ndio uliotushughulisha, maana kuukosa ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya kifafa na ndege yetu iliondoka usiku. Siku ya kwanza tuliifanya ya kulala tu, ingawa binamu zake walinung'unika.

Watu wengi huogopa zaidi taa za kumetameta. Hofu hiyo ina asili yake: Desemba 1997, katuni ya Pokémon iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani, yenye mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi, iliwafikisha mamia ya watoto hospitalini. Hata hivyo, katika kila watu 100 wenye kifafa, ni kama 3 tu wanaodhurika na mwanga wa aina hiyo, na kipimo cha umeme wa ubongo huweza kuwabainisha. Binti yetu hakuonekana kuwa miongoni mwao. Mtoto aliye nao udhaifu huo afundishwe kuziba jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho hakutoshi, kwani mwanga hupenya kope.

Joto la Agosti huko hupita nyuzi 40, kwa hiyo tulichagua IMG Worlds of Adventure, bustani iliyofunguliwa mwaka 2016 na ambayo imo ndani ya jengo lenye viyoyozi. Vibao vya maonyo tulivisoma vyote, na palipotajwa kifafa hatukubishana na mhudumu. Kwa michezo mingine tulifuata kanuni ya daktari wetu: ule ambao mtoto amefungwa mkanda madhubuti, akabaki salama hata akipoteza fahamu, tuufikirie, ule unaomtaka ajishikilie kwa mikono akiwa juu, tuuache.

Maji tuliyaogopa kwa dhati. Mtoto akishikwa na kifafa majini hapigi kelele, huzama kimya. Bwawani, ufukweni, hata bafuni, awepo mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, asiye na simu mkononi, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kusema "sote tunamwangalia" ni sawa na kusema hakuna amwangaliaye. Tulikuwa na watoto sita na watu wazima watatu, basi bustani ya maji tuliiacha.

Siku ya tatu alianguka, katika foleni ya chakula. Tulimlaza ubavu, tukaweka mtandio chini ya kichwa, hatukumtia kitu kinywani wala hatukumkandamiza, na ami yake akatazama saa. Mkobani mlikuwa na leso kwa makusudi, tukamfunika. Wanaoijua hadithi ya yule mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya kifafa chake watakumbuka kwamba ombi lake la mwisho lilikuwa asifunuke. Watu walikusanyika, tukawaomba watupe nafasi, wakatupa. Zilikuwa dakika mbili na nusu. Zingefika tano tungetumia diazepamu kama tulivyoelekezwa, na kupiga 998, nambari ya ambulensi ya huko.

Alilala kwa saa nzima juu ya benchi, kichwa mapajani mwa shangazi yake. Alipoamka alitaka aiskrimu. Michezo tuliiahirisha hadi kesho yake.