Daktari Mwanafunzi na Mwalimu wa Kompyuta

Homa si malaria siku zote. Mtoto anayechemka usiku anaweza kuwa na nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au hata homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana daktari hutuuliza maswali mengi hata tukachoka: kila jibu letu humsaidia kuuweka kando ugonjwa mmoja na kuupa uzito mwingine. Kufikiri huko hakupatikani kitabuni tu. Huja kwa kuzoea wagonjwa.

Lakini mwanafunzi azoeeje bila kuwahatarisha watoto wetu? Mwaka 1963, huko Los Angeles, Marekani, Dakta Howard Barrows alianza kumfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa, ili wanafunzi wajifunze kwake. Siku hizi kompyuta nayo imeingia kazini. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, walimu wa udaktari wamekuwa wakijaribu akili mnemba, yaani programu zinazotunga maneno kama mtu azungumzavyo. Programu huambiwa: wewe ni mama, mwanao wa miezi 8 ana homa siku ya tatu. Mwanafunzi huuliza, "mama" hujibu. Kisha programu hugeuka mwalimu. Kwa nini umesema malaria? Umepima? Umehesabu pumzi zake? Ni ugonjwa gani ukiusahau utamuua mtoto huyu usiku huu?

Swali hilo la mwisho tumelipenda, maana wengi hukosea kwa kung'ang'ania jibu la kwanza.

Hata hivyo, tuna mashaka. Programu hizi huweza kubuni jambo lisilokuwepo na kulisema kwa uhakika, na mwanafunzi mchanga asitambue. Tena zikimpa jibu zima badala ya kumhoji, atakuwa kama mtoto anayefanyiwa hesabu za shule na kaka yake. Wala maongezi ya kompyuta hayamfundishi mkono kugusa utosi uliovimba. Hapo anahitajika daktari mzoefu wa kusimama karibu naye.

Sisi akina mama nasi tuna sehemu yetu. Mwanafunzi akija kitandani, tumweleze kwa utaratibu: homa ilianza lini, mtoto ametapika mara ngapi, alikojoa mwisho saa ngapi. Dawa tulizompa nyumbani tuzitaje zote, za kienyeji pia. Na tukishatajiwa ugonjwa, tuulize kwa upole: "Daktari, haiwezi kuwa kitu kingine?"