Je, Wajua? Lava Nyeusi, Mchanga Unaohama na Maajabu Mengine ya Tanzania

Mwulize mtu maajabu ya Tanzania, atakutajia Kilimanjaro na Serengeti kabla hujamaliza swali. Sawa, lakini hata hayo mawili yana siri zake.

Lava inayogeuka nyeupe

Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutema lava ya kabonati. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za selsiasi. Ya Lengai hutoka na 500 na ushei tu, nyepesi, ikitiririka upesi. Mchana haionekani nyekundu bali nyeusi kama tope. Ikikutana na unyevu, siku chache tu huwa nyeupe pee, na mgeni anayeutazama mlima kwa mbali huapa kwamba kaona theluji.

Kilima kisichotulia mahali pamoja

Karibu na Bonde la Oldupai kuna kilima cha majivu meusi ya volkano, chenye umbo la mwezi mwandamo, kimo chake mita 9 hivi. Upepo hukisukuma takriban mita 17 kila mwaka, kiasi kwamba katika miaka 6 kinakaribia kuvuka uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Vimewekwa vibao vya miaka kuonyesha kilikopita. Chota konzi ya mchanga huo uurushe juu: chembe zake zina chuma, hushikana badala ya kutawanyika ovyo.

Majivu yanayolea nyumbu

Na hapa ndipo mambo yanaponoga. Majivu ya volkano za ukanda huo yalitanda hadi tambarare za kusini mwa Serengeti, yakarutubisha udongo wa juu na kuacha chini yake tabaka gumu lisilopenyeka kirahisi na mizizi ya miti. Matokeo? Uwanda wa nyasi fupi zenye madini tele, usio na kichaka cha kumficha simba. Nyumbu zaidi ya milioni moja hufika huko, eneo la Ndutu, kati ya Januari na Machi, na ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache tu. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Mimi nasema huu ndio msimu wa kwenda, ingawa watalii wengi hukimbilia kuona wanyama wakivuka Mto Mara.

Kitalu cha magadi

Kiasi cha robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, huanguliwa Ziwa Natron. Maji yake ya magadi huunguza ngozi, hivyo maadui wengi hawathubutu kuvifuata viota.

Jitu lililojificha Kilimanjaro

Wazungu walifika kileleni mwaka 1889, lakini mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika, mkukusu wa mita 81.5, ulitangazwa mwaka 2016. Ulikuwa umesimama bondeni, kwenye korongo la mlima huohuo! Macho ya wapandaji yako kileleni, nani ataangalia bondeni?

Bustani ya Mungu na kima wake

Kitulo, nyanda za juu kusini, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake. Ina aina zaidi ya 40 za okidi, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Nenda kati ya Desemba na Aprili, na ubebe sweta. Misitu ya jirani ni makazi ya kipunji, kima ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua siku nyingi, lakini wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923.

Ziwa lenye sakafu chini ya bahari

Mji wa Kigoma, ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Lakini ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 1,470 hivi, limezama hata sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huohuo wa bahari. Mamia ya aina za samaki wake, wengi wasiopatikana kwingine popote, huishi tabaka la juu tu, maana huko chini kabisa hakuna oksijeni. Ukiogelea kwenye hifadhi za Gombe au Mahale, kando ya ziwa hilo, ukiwa na miwani ya majini, utawakuta hatua chache tu kutoka ufukweni.